Randa yangu inang'oa mbao badala ya kulainisha: kosa ni la randa au ni langu?

MarandaMatupu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti, useremala ni wa jioni na siku za mapumziko tu, kwa hiyo mnivumilie nikikosea majina ya vitu.

Nimepata randa ya chuma ya zamani, imeliwa na kutu mpaka skrubu zilikuwa hazizunguki. Niliifungua kipande kimoja kimoja, nikaloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikasugua kwa brashi ya waya, nikasuuza kwa maji yenye magadi kuua ile asidi, nikakausha na kupaka mafuta. Ikarudi kuwa randa. Mpaka hapo nilikuwa najiona fundi.

Shida imeanza kwenye ubao. Ninatengeneza kisanduku cha kuhifadhia patasi zangu, chenye mfuniko wa kuteleza. Mbao ni za msonobari, zina mafundo mawili matatu. Sehemu iliyonyooka randa inakwenda bila matata. Ikikaribia fundo inang'oa vipande, inaacha vishimo kama ubao umedonolewa na kuku. Nikigeuza ubao nije kwa upande wa pili, vishimo navyo vinahamia upande wa pili wa fundo. Kisu nimekinoa saa nzima, kinanyoa malaika ya mkono. Mkono wangu wa kushoto sasa hivi hauna hata unywele.

Randa ndiyo mbovu? Nitafute mpya? Au niyaache mafundo yalivyo nimalizie kwa msasa?

Nusu_Milimita

Usitafute kitu kipya bado. Niambie: kisu kimetokeza kiasi gani chini ya tumbo la randa? Lile bamba linalofungwa kwa skrubu juu ya kisu, umeliacha umbali gani kutoka kwenye makali? Na ulipokuwa unanoa, uligusa upande bapa wa kisu au ulinoa mteremko peke yake?

MarandaMatupu

Kisu kimetokeza kidogo, sijapima. Bamba nimelifunga kama milimita 3 kutoka kwenye makali, nilidhani kazi yake ni kukaza kisu tu. Upande bapa sikuugusa. Si tayari ni bapa, mkuu?

Nusu_Milimita

Basi umejijibu. Randa nzima. Waachie wenzangu waeleze, mimi niko kazini.

Kinoo

Hilo neno bapa limewaponza wengi.

Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana. Uking'arisha uso mmoja kama kioo, na mwingine ukauacha na mikwaruzo ya kiwandani na vishimo vya kutu, basi pale zinapokutana utapata mstari wenye meno madogo madogo usiyoyaona. Utanyoa nywele, ndiyo, lakini nywele hata kisu cha jikoni kikinolewa kinanyoa. Jaribio ninaloliamini mimi ni kichwa cha ubao laini, yaani pale nyuzi za mti zinapokutazama usoni. Chukua kipande cha msonobari, parua kichwa chake kwa patasi au kwa hicho kisu ukiwa umekishika mkononi. Makali mazuri yanaacha uso unaong'aa. Makali ya uongo yanazisaga nyuzi na kuacha unga mweupe. Cha kushangaza, mbao ngumu zinasamehe makali mabaya kuliko laini kwenye jaribio hili, kwa sababu nyuzi laini zinalala kabla hazijakatwa.

Anza na upande bapa. Si lazima wote. Sentimita moja ya karibu na makali inatosha. Kama huna vinoo vya daraja zote, bandika msasa wa chuma juu ya kipande cha kioo kinene. Namba 220 kuondoa vishimo, halafu 400, 800, kisha kinoo cha 1000 na umalizie kwa 6000 au 8000. Chora mistari ya kalamu ya wino kwenye chuma, sugua mara chache, tazama. Wino ulipobaki ndipo kuna bonde. Ni kazi ya kuchosha na inachafua mikono, lakini kisu kimoja unakifanyia hivyo mara moja tu. Baada ya hapo ni kugusa tu.

Ndipo uje kwenye mteremko. Watu wengi wanaupa digrii 25, kisha ncha yenyewe wanaiinua kidogo ifike 30 ili wasinoe uso mzima kila mara. Noa kwenye kinoo cha 1000 mpaka kidole kihisi ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa bapa, kona hadi kona. Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Ukihama kwenda kinoo laini kabla ukingo huo haujatokea, unachofanya ni kuung'arisha ubutu. Ukishaupata, nenda kinoo laini, lalisha upande bapa uvute mara mbili tatu, kisha malizia kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa ile dawa ya kijani ya kung'arishia chuma.

Na tumia kile kishikio chenye kigurudumu, angalau mwaka wa kwanza. Kinakushikia pembe.

MzeeTezo

Nilikuwa nawe mpaka hapo kwenye kigurudumu. Mkono ukishafundishwa na kigurudumu hautajua tena kunoa peke yake. Laza mteremko juu ya kinoo, bonyeza mpaka uhisi umekaa, inua unywele, vuta. Nusu dakika. Mwenye kigurudumu bado anatafuta bisibisi ya kukaza kigurudumu chake.

Nyongeza moja kwa mleta uzi: usije ukashawishika na mashine ya kunolea ya umeme. Chuma kikigeuka bluu kwenye makali ujue kimepita digrii 290 na ugumu wake umekwenda. Hakirudi mpaka usage sehemu yote iliyoungua. Nilipokuwa kijana niliichoma patasi ya marehemu baba kwa namna hiyo, nusu inchi nzima ya ncha. Ninayo mpaka leo. Naifungulia makopo ya rangi.

Kinoo

Shikamoo Mzee Tezo. Sikatai, wewe una miaka mingi mkononi. Lakini anayeanza akinoa kwa mkono mtupu mteremko unageuka mviringo kama mgongo wa kobe, na hajui kwa nini randa haikati. Kigurudumu kinamwondolea sababu moja ya kubahatisha.

MzeeTezo

Marahaba. Mgongo wa kobe nao unakata, mradi ncha imefika. Ila sawa, yaishe.

BintiSeremala

Mkiwa mmemaliza ya kigurudumu naomba tuuzungumzie ubao, maana hata kisu cha malaika kikiendeshwa vibaya kwenye fundo kitang'oa.

Mleta uzi, umewahi kuparua samaki? Ukianzia mkiani kwenda kichwani magamba yanasimama yote. Ukianzia kichwani yanalala na kisu kinateleza. Nyuzi za mti nazo zina uelekeo, na ni mara chache sana zinakwenda sambamba kabisa na uso wa ubao. Tazama ukingo wa ubao, yaani ule upande mwembamba: utaona mistari inapanda kuja juu. Randa inatakiwa ipande pamoja nayo. Ikikutana nayo inashuka, kisu kinaingia chini ya uzi, kinauinua, na uzi unapasuka mbele ya makali kabla makali hayajaufikia. Hicho ndicho kishimo chako. Hakikukatwa, kilipasuliwa.

Sasa fundo ni nini? Ni mzizi wa tawi uliomezwa na shina lilipokuwa linanenepa. Nyuzi za shina zinalizunguka kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe. Kwa hiyo upande mmoja wa fundo zinapanda, upande wa pili zinashuka. Ndiyo maana ukigeuza ubao na vishimo vinahama. Hakuna uelekeo ulio sahihi pale. Unahitaji kitu cha kuuvunja mpasuko kabla haujakimbia, na hicho ndicho lile bamba la juu.

Randa inanyanyua randa jembamba, yaani ule ukanda wa mbao unaotoka mdomoni mwake. Bamba likiwa karibu sana na makali, lile randa likitokeza tu linagonga bamba, linakunjwa ghafla na kuvunjika mgongo. Lililovunjika mgongo halina nguvu ya kuvuta uzi ulio mbele yake. Ukiacha milimita 3, kama ulivyofanya, randa linakwenda zake limenyooka, linautumia urefu wake wote kama mtaimbo na kuung'oa ubao.

Nusu_Milimita

Nimetoka kazini. Nakazia hapo kwa vipimo: kazi ya kawaida, acha milimita 1. Kwenye mafundo, sogeza bamba mpaka 0.2, ambayo ni unene wa karatasi mbili za kuandikia. Kisu nacho kipunguze, kitokeze kwa unywele tu. Kwenye fundo lenyewe peleka randa kimshazari. Ikibaki mikwaruzo, ndipo ushike msasa, si kabla.

JiliwaKubwa

Samahani kwa kudandia. Mimi sina hata msumeno. Mtu akitaka kuanza bila mashine yoyote anahitaji nini? Orodha ninazoziona zina vitu arobaini.

BintiSeremala

Arobaini ni za wauzaji. Msumeno mmoja, patasi mbili (ya milimita 12 na ya 25), nyundo ya mti, randa moja ya ukubwa wa kati, guni (la kupimia pembe mraba), geji ya kuchorea mistari, vibano viwili, na kinoo. Ningesema kinoo kwanza, kabla ya msumeno, ila najua hakuna atakayenisikiliza.

Msumeno angalia kama unakata ukisukuma au ukivuta. Ya Kijapani inakata ikivutwa, kwa hiyo bamba lake linaweza kuwa jembamba sana bila kukunjika, na inaacha mfereji mdogo. Ya kawaida inakata ikisukumwa, inataka chuma kinene au mgongo wa shaba. Zote nzuri, ila usichanganye mikono, utaikunja. Angalia na meno: ya kupasua kwa urefu wa nyuzi yamekaa kama safu ya patasi ndogo, ya kukata nyuzi yamechongwa kama visu. Kupasua kwa msumeno wa kukatia kunawezekana, utachoka tu.

Guni usiliamini kwa sura yake. Liegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, ligeuze chali, chora mwingine pale pale. Mistari ikiachana, pengo ni kosa la guni mara mbili. Nimekuta magunia ya makosa kwenye maguni mapya.

MzeeTezo

Wamisri wa kale walitengeneza majeneza na viti vinavyotutia aibu mpaka leo, na hawakuwa na randa. Tezo, msumeno wa kuvuta, patasi, na jiwe la kusugulia. Sisemi tuziache randa, nasema tu.

Nusu_Milimita

Warumi walikuwa nayo lakini, Mzee. Zimefukuliwa kwenye mji wao wa Pompeii, chini ya majivu ya volkano ya mwaka 79. Umbo unalitambua ukiliona.

MzeeTezo

Na nina hakika kuna Mrumi aliyekuwa analalamika kuwa inang'oa.

MarandaMatupu

Nimerudi baada ya jioni mbili. Upande bapa ulikuwa na bonde na kishimo kimoja cha kutu karibu kabisa na makali. Nimesugua mpaka vidole vikawa vyeusi. Kichwa cha msonobari sasa kinang'aa kama kimepakwa vanishi, nimeita watu wa nyumbani waje kuona, hawakuelewa furaha yangu ni ya nini.

Nikasogeza bamba kama alivyosema Nusu_Milimita. Tatizo jipya: randa inakwenda hatua tatu, maranda yanakwama mdomoni yamejikunja kama akodioni, inasimama. Nikiyatoa, tatu tena, inasimama.

Nusu_Milimita

Funga bamba kwenye kisu, inua juu kuelekea taa, tazama pale vinapogusana. Unaona mwanga?

MarandaMatupu

Naona. Kona moja, mwembamba kama uzi wa buibui.

Kinoo

Huo uzi wa buibui ndio unaokula maranda. Ncha ya randa inaingia hapo, inashika, zingine zinarundikana nyuma yake. Noa ncha ya bamba kwenye kinoo, lakini lishike ili mkia wake uwe chini kidogo ya uso wa kinoo. Ukifanya hivyo ncha ya mbele kabisa ndiyo itakayogusa kisu kwanza, na ukikaza skrubu inajibana yenyewe. Usilichonge sana, mipigo ishirini inatosha. Kisha upande wake wa juu, maranda yanakopandia, uung'arishe uteleze.

MarandaMatupu

WAKUU.

Randa limetoka kipande kimoja, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, limepita juu ya fundo bila kushtuka. Nikiliweka juu ya gazeti nasoma herufi. Fundo lenyewe linang'aa. Sijashika msasa kabisa. Nimeranda ubao mpaka umekuwa mwembamba kuliko nilivyokusudia kwa sababu sikutaka kuacha.

Viungo vya kona nimechonga vile vya mkia wa njiwa, mteremko wa 1 kwa 6 kwa kuwa mbao ni laini. Vina mapengo, nimeyaziba kwa vijiti na gundi, msiniulize. Kitako nimekigandisha kwa gundi nyeupe pande zote nne. Mfuniko unateleza kwenye mifereji, nimeuchonga ukabana kabisa, hata karatasi haipiti. Nimepaka mafuta ya kitani, tambara nimelikunja nikalitupa kwenye pipa la maranda. Kesho napaka mkono wa pili.

BintiSeremala

TAMBARA. Toa tambara kwenye hilo pipa sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Kinoo

Toa sasa hivi mkuu. Si utani.

BintiSeremala

Nadhani ameamka. Kwa wengine: mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Yanashikana na hewa ya oksijeni yanakuwa magumu, na katika kufanya hivyo yanatoa joto. Tambara likitandazwa, joto linapotea hewani. Likikunjwa, joto linabaki ndani na kujilimbikiza, na linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti, baada ya saa kadhaa, wakati wewe umelala. Na huyu amelitia kwenye maranda makavu! Litandaze nje, kipande kimoja, mpaka likauke kuwa gumu kama ngozi. Au liloweke kwenye ndoo ya maji.

MarandaMatupu

Nimelitoa. Lilikuwa na uvuguvugu. Nimelitandaza nje juu ya jiwe na sidhani kama nitalala vizuri.

JiliwaKubwa

Hili la tambara peke yake limenitosha kwa leo.

Nusu_Milimita

Pole mkuu, na hongera kwa randa. Ila nina wasiwasi na mambo mawili. Ubao hauongezeki urefu kwa kiasi cha kukusumbua, unaongezeka upana. Msonobari wa upana wa milimita 300, unyevu ulio ndani yake ukibadilika kwa asilimia 4, upana unaweza kucheza karibu milimita 3. Ukiwa umepasuliwa kuelekea moyo wa mti unacheza karibu nusu ya hapo. Kitako ulichokigandisha pande zote hakina pa kwenda, kikisinyaa kitapasuka. Kina upana gani?

MarandaMatupu

150.

Nusu_Milimita

Kinaweza kupona. Kitako kingine utakachotengeneza ukitie kwenye mfereji bila gundi, kiwe na nafasi ya kupumua. Wasiwasi wa pili ni huo mfuniko ambao hata karatasi haipiti. Uliuchonga kipindi cha ukavu?

MarandaMatupu

Ndiyo, kwa nini?

(Baada ya wiki tatu)

MarandaMatupu

Nimeelewa kwa nini. Mvua imenyesha siku sita mfululizo. Mfuniko umevimba, hautoki, hausogei hata unywele. Nimejaribu kuugonga kwa kipande cha mbao, wapi. Niusubiri ukauke au?

MzeeTezo

Subiri. Mti uliovimba kwa mvua utasinyaa kwa jua. Ukiupunguza sasa, kiangazi mfuniko utacheza kama jino bovu.

BintiSeremala

Shikamoo Mzee, hapa naomba nikupinge kidogo. Akisubiri tu, mvua zijazo atarudi hapa na swali lile lile. Sasa hivi ndio upana wake mkubwa kabisa, kwa hiyo ndio wakati wa kuupima. Mfereji wako una kina gani, mleta uzi?

MarandaMatupu

Milimita 5 kila upande.

BintiSeremala

Basi kiangazi pengo litajificha ndani ya mfereji, hakuna atakayeliona. Weka kisanduku chumba kikavu siku chache, usikikaribishe na moto. Mfuniko ukichomoka, randa kingo zake zote mbili, toa jumla ya milimita 1.5 hivi, sugua nta ya mshumaa kwenye mifereji. Kama huwezi kusubiri, chukua patasi nyembamba, panua kidogo mdomo wa mfereji pale mfuniko unapotokea.

MarandaMatupu

Patasi zote ziko ndani.

Kinoo

😂😂😂

MzeeTezo

Ninayo ile ya kufungulia makopo, mwanangu. Nikuazime?